Zizi la Baba Ndani ya Kompyuta

Ulikuwa mwaka wa michembe. Mahindi yalikauka hata magotini hayajafika, tukawa tunatafuna viazi hivyo vilivyokaushwa asubuhi na jioni mpaka watoto wakanuka viazi. Ndio mwaka mjukuu wangu alipokuja na kompyuta.

Sifichi, nilimwonea fahari. Mimi niliishia darasa la pili. Yeye, mtoto wa kike, alisomea upimaji, akaajiriwa na wachimba dhahabu. Alikuwa na ramani ya enzi za Mwingereza, na kwa ramani hiyo akaujenga upya ndani ya kompyuta mji wetu mdogo uliokwisha kubomoka, nyumba kwa nyumba. Aliiwasha kwa betri ya gari. Nikaliona duka la Mhindi alikonunua mama kaniki. Nikaliona ghala la pamba. Nikaita majirani, nikatamba, "Mnaona? Huyu wangu huyu!"

Kisha, pale pale kwenye kioo cha kompyuta, akafika kwetu. Ua wa minyaa, na ng'ombe sita wamesimama ndani.

"Hapa pameandikwa nini?"

"Zizi, bibi."

"Na baba yangu umemweka wapi?"

Akaitazama ramani yake. Kwetu Wasukuma mwenye kaya alizikwa zizini, ng'ombe wakapitishwa juu yake mpaka pakawa sawa na kwingine. Jiwe hatuweki. Na ramani ile ilichorwa baba akiwa hai, anakamua.

"Ramani haina kaburi, bibi. Ofisi ya mgodi inataka mzee athibitishe kwamba mji ulikuwa hivi. Pasipo na kaburi watachimba."

"Basi chora kaburi."

"Nichore kisichoonekana? Watasema nimetunga kwa kuwa ni kwetu. Nitafukuzwa. Na nikirudi bila uthibitisho, kazi sina. Weka dole gumba tu, bibi."

"Siweki dole gumba. Baba yangu yumo humo."

"Mke mwenzangu," akanitania, kama wajukuu wa kike wanavyowatania bibi zao, "una kichwa kigumu kama punda!"

"Kichwa hicho hicho ndicho ulichorithi ukaendea shule."

Majirani walicheka. Yeye hakucheka. Akatandaza karatasi ya ofisi, akakifungua kidau cha wino, akanishika mkono taratibu, kama nilivyomshika mimi alipojifunza kutembea. Machozi yakamdondoka juu ya karatasi. Nilimlea mwenyewe baada ya mama yake kufa. Nilijua vizuri ninachomfanyia.

Nikauvuta mkono wangu.

"Siweki dole gumba. Baba yangu yumo humo."