Mtoto Aliyesikia kwa Mikono

Mama mkwe wangu alikuwa na kipimo chake cha masikio: gonga sufuria kwa mwiko, mtoto akigeuka, anasikia. Binti yangu alikuwa na mwaka na miezi minane, hajasema hata "mama". Kila nilipotaja hospitali, bibi yake, shosho kama tunavyomwita, aliweka sufuria kwenye meza aliyoegemea mtoto, akagonga. Mtoto akageuka.

"Si umeona? Unamtafutia mtoto ugonjwa. Hata baba yake alichelewa kuongea, na sasa nani humnyamazisha?"

Mume wangu akacheka. Mimi sikucheka.

Fizikia ya sekondari ilinishinda, lakini kitu kimoja kilibaki: sauti ni mtetemo. Kitu kikitetemeka kinasukuma hewa, na hewa inasukumana hivyo hivyo mpaka kwenye kiwambo, ile ngozi nyembamba ndani ya sikio. Lakini mtetemo haupiti hewani tu. Unapita kwenye mbao pia. Na mtoto wangu alikuwa ameishika ile meza ya mbao kwa mikono miwili.

Jumapili tulipotoka kanisani nilimkalisha juu ya godoro, ametugeuzia mgongo.

"Shosho, gonga sasa. Usiguse kitanda."

Akagonga. Mtoto akaendelea kuvua soksi.

"Tena."

Akagonga mpaka jirani akauliza kupitia ukutani kama tunafukuza panya. Soksi ikatoka, mtoto akaitia mdomoni.

Nilitaka kupasua ile meza. Miezi yote hiyo! Na nilijikasirikia zaidi, maana hata mimi nilikuwa nimetaka kuiamini.

Jumatatu nilifika na mtoto hospitalini Upper Hill kabla kliniki ya masikio haijafunguliwa.

"Rudi mwezi ujao, mama," karani akasema. "Tumejaa."

"Nitakaa hapa. Mwenye miadi asipokuja, sisi tupo."

Saa nane mchana mwenye miadi mmoja hakuja.

Tuliingizwa kwenye chumba kilichozibwa kelele. Sauti nzito mtoto alizipata kidogo, zikipandishwa sana. Nyembamba, hakuna kitu. Mpimaji hakuzungusha maneno: mtoto anahitaji vifaa vya kusikia, masikio yote mawili, na upesi, kwa sababu huu ndio umri wa kushika lugha.

Nikampigia mama mkwe nikiwa bado kwenye ngazi. Nikamweleza habari za vifaa.

"Na watu kanisani wakiona hivyo vitu masikioni?"

"Wataona mtoto anayesikia. Alhamisi wanachukua umbo la masikio yake ili vifaa vimkae. Unakuja, ama niende peke yangu?"



"Alhamisi saa ngapi?"