Mguu wa Beki

Juma lililopita, kwenye uwanja wa vumbi hapa Kolwezi, nilimwona kocha kijana akirusha mguu hewani kila mpira ulipokaribia goli lake. Nikamkumbuka tata, baba yangu.

Alikuwa beki wa timu ya kambi yetu ya mgodi mpaka goti lilipoharibika. Alasiri moja ya utoto wangu alisimama kando ya uwanja kama kocha kwa mara ya kwanza, amevaa suruali ndefu na viatu vinavyonukia rangi. Nilidhani amepandishwa cheo, maana kambini Wazungu waliamuru bila kukimbia.

Kila adui alipopita karibu, mguu wake mbovu uliruka wenyewe.

“Mutazame beki, anacheza rumba!” watu walipiga kelele. Nilicheka sana, nikiamini anatufurahisha sisi batoto.

“Usicheke,” mama aliniambia polepole. “Muguu yake haiyasikia bado habari.”

Timu ilishinda. Nilimkimbilia nikipiga vigelegele. “Tata, umeshinda!”

“Hapana, mwana,” alijibu, akiwaonyesha wachezaji kwa kidole. “Bale njo balishinda. Mi nilikuwa natazama tu.”

Alifundisha mpira mpaka uzeeni, nami miaka yote hiyo, mpaka nilipouona mguu wa yule kocha kijana, nilimsifu mbele ya watu kwa unyenyekevu wa jibu lile.