Yasin Iliyonishinda kwa Sababu ya Gitaa

Nilimdanganya mama miezi mitatu mizima, na uongo wenyewe niliuvika kanzu. Kila alasiri niliaga kwamba naenda duksi, madrasa yetu, kuhifadhi Kurani, kumbe nilikuwa kwa Mutua, mwanafunzi mwenzangu, nikijifunza wimbo wa roki wa zamani kwenye gitaa la umeme la baba yake. Wimbo mmoja tu, na hata huo gitaa lilikuwa likilia kama mbuzi aliyenaswa kwenye seng'enge.

Vidole vya mkono wangu wa kushoto vikaota sugu. Mama akaviona.

"Ni ubao wa duksi, hooyo," nikamwambia. "Naushika sana."

Akaamini! Akawatangazia majirani wote hapa Iftin kwamba amezaa sheikh.

Wiki iliyopita ayeeyo, yaani bibi yangu, aliletwa kutoka Buna akiwa mgonjwa taabani. Aliomba jambo moja tu: mjukuu wake msomi amsomee Yasin bila kufungua msahafu. Chumba kilijaa shangazi. Nikaketi kando ya kitanda, nikasafisha koo, nikaanza. Aya ya tatu ilitoka kwa shida. Ya nne haikuja kabisa. Kichwani mlikuwa na gitaa tu, na vidole vyangu vilikuwa vinalipiga juu ya shuka la mgonjwa.

"Warya, wewe kijana, umemeza ulimi?" shangazi mmoja akauliza.

Dada yangu mdogo ndiye aliyeendelea kusoma mpaka mwisho.

Mama alinifuata uani. Hakupaza sauti. "Ayeeyo hasikii vizuri siku hizi," alisema. "Amelala akidhani ni wewe uliyesoma. Lakini mimi nasikia, Abdi."