Mashine Ilipomtoa Mama Mkwe Kwenye Alto

Mwalimu wetu wa kwaya hapa Kilosa alipopata programu ya kutenganisha sauti, amani ilituishia kanisani. Tulikuwa tumerekodi wimbo wa kwenda kuuzindua Mikumi, na kwenye alto, sauti ya pili ya wanawake, kulikuwa na mtu anashuka chini ya noti. Mwalimu akakesha na kompyuta yake, kisha akaniita pembeni.

"Ni mama mkwe wako. Namtoa kwenye rekodi. Kamwambie wewe, unaishi naye."

Mimi? Mtu ninayempigia magoti nikimwamkia, nikamwambie hajui kuimba? "Mwalimu, kama unataka nirudishwe kwetu Tindiga na virago vyangu, sema tu!"

Mama mkwe ameimba alto tangu mume wangu hajazaliwa. Ndugu zake wa Munisagara alishawatangazia kwamba watamsikia kwenye simu. Lakini kushuka, jamani, anashuka kweli, na mimi niliyesimama ubavuni mwake nilishachoka kuvutwa chini naye. Basi sikumwambia.

Mwalimu naye mwoga. Siku ya mazoezi akaupiga wimbo mbele ya wote bila kusema kitu, akidhani mama hatagundua. Ukatoka safi. Watu wa besi wakapeana mikono, utadhani wao ndio waliousafisha. Mama alisikiliza kainamisha kichwa.

"Rudia," akasema.

Ukarudiwa. Akasimama.

"Mwalimu, mkwe wangu umempeleka wapi?"

"Mama, mbona yumo..."

"Hayumo! Naimba naye kila Jumapili, nisimjue? Mtoto wa watu kakukosea nini?"

Mwalimu akababaika, akaifungua ile sauti aliyoifuta, akaipiga peke yake. Loo! Tulikuwa wawili. Tunavuta pumzi pamoja, tunashuka pamoja. Programu ikashindwa kututofautisha, ikatuhesabu mtu mmoja na kutufagia wote. Na mimi nilivyokuwa najiona kinanda! Watu wa tenori walicheka hadi wakashikilia mabenchi. Ningekuwa na kiatu cha ziada ningewarushia.

Mama hakucheka. Sauti yake mwenyewe hakuiulizia hata kidogo.

"Mrudishe mwanangu," akamwambia mwalimu, "la sivyo Mikumi mtaenda wenyewe."

Nikainama nikajifanya natafuta leso, maana machozi yalikuwa yananitoka mbele za watu.