Mdomo wa Klara Umepotea

Klara wa Mungaa alifundishwa tarumbeta ili anyamaze. Hilo halikuwa siri. Alipokuwa msichana alikaa nyuma ya kwaya akisimulia nani ameuza ng'ombe, nani hasemeshani na shemeji yake, na kwa nini mtama wa mwaka ule ulikuwa hauivi. Mwalimu wa bendi ya kanisa, Urbano, mtu mpole aliyechoka mapema maishani, alimvumilia weee, mwishowe akamkabidhi tarumbeta.

"Ukijisikia kusema kitu," akamwambia, "wewe puliza."

Urbano hakufikiria kwamba mtu mwenye pumzi ya kuongea kutwa nzima ana pumzi ya kupuliza kutwa nzima. Haukupita muda Klara akawa mpigaji hodari kuliko wote, na kila wimbo ulipoisha alirudi kwenye hadithi pale pale alipoiachia.

Alikuwa pia msemaji wa watu. Mwenye aibu ya kwenda ofisi ya kijiji alikwenda na Klara. Aliyegombana na jirani alimtuma Klara. Hata posa yake mwenyewe alikaribia kuisemea. Gerald, mkulima wa alizeti, alileta mshenga, na mshenga yule alipofika mbele ya wazee alikohoa, akasahau maneno yote, akabaki anaitazama kofia yake. Klara alikuwa jikoni, mahali ambapo mwali hutakiwa kukaa kimya. Akamnong'oneza kupitia dirishani: "Sema umekuja kuomba jiko." Mnong'ono wa Klara ulisikika mpaka barabarani. Wazee wakacheka, posa ikapita.

Gerald mwenyewe si mtu wa maneno. Jibu lake kwa karibu kila jambo ni "sawa". Waliishi vizuri, pamoja na mama yake Gerald, Bibi Damari, ambaye hukamua alizeti na kuuza mafuta kwenye chupa pembeni ya barabara.

Mwaka jana, sikukuu ya mavuno ilipokaribia, Klara alipoteza mdomo. Nasema mdomo wa tarumbeta, kile kipande kidogo cha chuma kinachochomekwa mwishoni ili mpigaji apulizie. Wapiga tarumbeta hukiita hivyo, mdomo, na bila hicho tarumbeta ni bomba tu. Klara alipekua kila kona, akafagia uvungu wa kitanda, akamhoji kila kuku. Hakuna.

Jumapili akaomba jambo hilo litangazwe kanisani. Matangazo husomwa na mzee wa kanisa, Raymond, ambaye husoma polepole na hana habari na mambo ya bendi.

"Dada yetu Klara," akasoma, "amepoteza mdomo."

Kanisa likatulia. Mtu mmoja upande wa wanaume akasema, "Amina."

"Atakayeuona," akaendelea Raymond, "anaombwa aurudishe haraka, kwa kuwa tunauhitaji kwenye sikukuu."

"Sikukuu ipite kwanza," ikasema sauti ya mama mmoja. Watu wakaanza kutikisa mabega. Klara akasimama kufafanua, akafafanua kwa kirefu, na kadiri alivyofafanua ndivyo watu walivyozidi kuinamia vitabu vyao vya nyimbo. Raymond akamsubiri amalize, kisha akasema kwa huruma ya kweli kwamba yeye anaona mdomo umeshapatikana.

Katikati ya wiki Klara alipita nyuma ya nyumba, akamkuta mama mkwe anamimina mafuta kwenye chupa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Klara akaiangalia chupa. Kwenye shingo ya chupa kilikuwa kimechomekwa kidude kinachong'aa, juu kipana kama kikombe cha mwanasesere, chini chembamba. Ulikuwa ni mdomo wake. Mafuta ya alizeti yalipita ndani yake taratibu, bila kumwagika hata tone.

"Hicho kifaneli ni kizuri, mama," akasema.

"Kizuri mno. Nilikikuta juu ya kabati kimekaa bure."

Hapo Klara, aliyewasemea watu wa kijiji kizima, akakosa la kusema. Mkwe humwambii kwamba amechukua kitu chako. Akaenda shambani kwa Gerald.

"Mama yako ndiye mwenye mdomo wangu. Nenda ukaniombee."

Gerald alitazama alizeti zake kwa muda mrefu, kama vile mojawapo ingejitolea kwenda badala yake. "Sawa," akasema.

Akaingia kwa mama yake. Klara akabana ukutani, nje.

"Mama," Gerald akaanza. "Nimekuja kwa habari ya mdomo wa Klara."

Bibi Damari akaweka chupa chini, akashusha pumzi. "Afadhali umekuja, mwanangu. Mdomo wa Klara nimeuvumilia siku nyingi."

Gerald akavuta kigoda, akakaa.

"Asubuhi unaanza kabla jogoo hajawika. Jana nimesimuliwa habari ya mbuzi wa Mitundu, na Mitundu sijawahi kufika. Lakini nisikilize." Hapo akahamia Kinyaturu kidogo, kama afanyavyo akiwa na jambo zito, kisha akarudi. "Usije ukamkataza. Kabla hajaja, wewe na marehemu baba yako mlikuwa mnakula ugali kama watu wanaojificha. Nilikuwa naongea na sufuria. Mdomo ule uache hapa hapa nyumbani. Umenielewa?"

"Sawa," akasema Gerald, akatoka mikono mitupu.

Klara alikuwa ukutani anafuta machozi kwa kanga, na kicheko kimembana hata hawezi kusimama wima. "Nimekutuma mdomo," akasema, "umeniletea sawa." Akaingia mwenyewe, akapiga magoti, akaeleza yote kuanzia kabati mpaka sikukuu. Bibi Damari alisikiliza, akakitazama kifaneli chake, akauliza, "Kwa hiyo watu wamekuwa wakinywa mate yako?"

"Nilikuwa nimeuosha, mama."

Bibi akauchomoa, akaufuta kwenye upindo, akampa.

Klara aliuosha kwa sabuni na maji ya moto, lakini alizeti haiondoki kirahisi. Siku ya sikukuu, mbele ya wageni kutoka Singida mjini, alijaza mapafu akapuliza noti ya kwanza. Ikatoka noti, na nyuma ya noti likatoka tone nono la mafuta, likatua kwenye kipara cha Mwalimu Urbano aliyekuwa anaongoza bendi. Urbano akalipangusa kwa kiganja, akalisambaza kichwa kizima bila kukusudia, akaendelea kuongoza huku anameremeta. Wageni walisema hawajawahi kusikia tarumbeta laini kama ile.

Jioni yake Bibi Damari aliomba naye ajaribu kupuliza. Mara ya kwanza ilitoka hewa tupu, mara ya pili ikatoka sauti kama ya ndama aliyekanyagwa, na kuku wote wakapanda paa la banda. Akapenda. Mpaka leo anajua sauti hiyo moja tu, na huipuliza mlangoni kila mchana, ikavuka shamba lote la alizeti, kumwita Gerald aje kula.