Paa Lenye Vifungo

Alitangaza kuondoka akiwa na misumari mdomoni. Mafundi wa makochi ndivyo wanavyofanya kazi: misumari midogo unaiweka kinywani, ulimi unaisukuma mmoja mmoja hadi kwenye midomo, mkono wa kushoto unavuta kitambaa, wa kulia unashika nyundo. Kwa hiyo maneno yake yalitoka kama ya mtu mwenye jino bovu, na mjomba wake, mwenye karakana, akamwambia arudie.

Akaitema misumari kiganjani. "Nimesema nikimaliza kochi hili naondoka. Nakwenda kuishi kule juu, msituni. Peke yangu."

Cherehani ikanyamaza. Kisha shemeji yake, mume wa dada yake, ambaye kazi yake pale ilikuwa kujaza sponji na kuongea, na kuongea ndiko alikokumudu zaidi, akaangua kicheko.

"Msituni! Stuli, una kesi gani? Mtu hakimbilii porini bure. Umeiba au umependa?"

"Sijaiba."

"Basi umependa."

"Wala sijapenda."

"Ala! Sasa huo si ugonjwa?"

Jina la Stuli alilipata utotoni, kwa kuwa alikuwa akishinda kwenye stuli pembeni ya cherehani ya mjomba, akiokota vifungo vilivyoanguka. Alipotimiza miaka ishirini na mitatu, ni yeye ambaye wateja walimuulizia. Yale makochi ya fahari yenye mgongo uliobonyea hapa na pale, kila kibonyeo na kifungo chake katikati, yalikuwa ya mkono wake. Aliupitisha uzi kwa sindano ndefu, akauvuta hadi kifungo kizame kwenye sponji kama kitovu cha mtoto aliyeshiba, na hungeona pameanzia wapi wala pameishia wapi. "Mshono ni siri ya nyumba," mjomba alimfundisha. "Mgeni akae asiuone." Na Stuli hakuwahi kumwonyesha mgeni mshono.

Nyumbani kwa mama yake palikuwa na vyumba viwili na sebule. Chumba kimoja cha mama, cha pili cha dada, shemeji na watoto wao. Yeye alilala sebuleni, juu ya kochi alilolitengeneza mwenyewe, na sebule ni ya kila mtu. Hakuweza kujinyoosha mpaka mgeni wa mwisho aage, na wageni wa shemeji walikuwa hodari wa kusema "haya, mimi naenda" huku wakiegemea vizuri zaidi. Kabla hakujapambazuka mama alipita kuelekea jikoni, na watoto wakaja kuingiza vichwa chini ya kochi kutafuta viatu vya shule. Asubuhi moja alifumbua macho akamkuta mama mmoja mtu mzima asiyemjua ameketi miguuni pake, anakunywa chai.

"Lala tu, mwanangu," yule mama akamwambia kwa upole. "Wala hunisumbui."

Hakuwa na chuki na mtu. Watu aliwapenda kama mtu anavyoipenda redio: mradi iwe na kitufe cha kuizimia. Yeye kitufe hicho hakuwahi kukipata.

Mwaka ule vijana kadhaa wa mji wetu walikuwa wamepanda kule juu. Kinyozi mmoja, fundi simu mmoja, na mwanafunzi aliyeacha chuo akidai amechoka kufundishwa. Wote walirudi mvua zilipoanza, wamekonda, wamejaa hadithi, na kinyozi alikuwa na ndevu ambazo wateja wake hawakuacha kumtania. Kwa hiyo mjomba hakuona haja ya kupandisha sauti.

"Mvua ya kwanza itakurudisha," alisema. "Na nitakuja mwenyewe kukuchukua, kwa sababu mimi si mtu wa kumwacha mtoto wa dada yangu anyeshewe kama mbuzi. Mkataa kwao mtumwa, binti."

"Sijakataa kwetu. Nimekataa kochi."

"Asiyesikia la mkuu..."

"Huvunjika guu. Najua, mjomba. Guu lenyewe langu."

Mama aliposikia hakulia. Alikaa kwenye kiti cha jikoni, akaendelea kuchambua mchele, ingawa ulikuwa umekwisha kuwa safi.

"Watu watasema nimekufukuza."

"Waambie nimetoroka."

"Hilo ndilo afadhali?"

"Kwako ndiyo, mama."

Kule juu, ng'ambo ya shamba la mwisho, palikuwa na kibanda cha mawe cha walinzi wa msitu kilichoachwa zamani. Kuta zilisimama, paa lilikwisha kuanguka. Bwana misitu wa eneo lile alimruhusu akae, kwa masharti mawili: asikate mti mbichi, na akiona moshi popote ateremke mbio kutoa habari. "Mwenzako kabla yako alikuwa kinyozi," alimwambia. "Alikuwa anaongea na miti. Wewe utaongea na nini?"

"Mimi nimekuja kunyamaza."

Paa alilitengeneza kwa kile alichokijua. Kwa miaka alikuwa akijiwekea mabaki ya ngozi ya bandia kutoka karakana, mekundu, meusi, ya rangi ya maziwa. Aliyaunganisha kwa mkono, sindano na uzi mnene, yakawa shuka moja kubwa. Alisimamisha fito za miti iliyokufa, akailaza shuka juu yake, akaitandikia majani makavu chini ili ikae vizuri. Upepo ulipoipeperusha, alifanya ambacho mkono wake ungefanya hata usingizini: akaifunga kwenye fito kwa vifungo. Kila hatua moja kifungo, kila kifungo akakivuta kikazama. Mishono yote aliificha kwa ndani. Alipomaliza alirudi nyuma kulitazama, na kwa kweli lilipendeza. Hapakuwa na paa kama lile katika msitu wowote.

Siku za mwanzo alikuwa na hofu, tusidanganyane. Kila kijiti kilichovunjika kilikuwa chui, na ngedere mmoja alimwibia kibuyu cha chumvi akakaa juu ya mti akikilamba huku akimtazama kama mdai. Aliteremka mara moja moja hadi duka la mwisho wa barabara, akashona magunia ya wakulima, akarudi na unga na maharage. Mikono ilimchubuka kwa kuni. Lakini giza lilipoingia, liliingia lote, na hakuna aliyelifuata akisema haya, mimi naenda.

Kisha mvua ikaja.

Ilianza jioni, ikapiga bila huruma. Kochi, wasomaji, hutengenezwa kwa ajili ya mtu anayelitazama kutoka mbele na kulikalia kutoka juu. Hakuna fundi wa makochi anayefikiria maji. Kila kibonyeo alichokizamisha kwa ustadi kikageuka bakuli. Bakuli likajaa, maji yakatafuta njia, na njia ilikuwa tundu la sindano chini ya kifungo. Mishono nayo, kwa kuwa ilikunjwa kwa ndani, kila mmoja ukawa mfereji ulioelekea chumbani. Fundi wa mahema angelaza kipande cha juu juu ya cha chini, kama magamba ya samaki, mshono ukae nje ukiwa mbaya na mkavu. Stuli alikuwa ameshona paa la kupendeza kuangalia. Alihamisha kuni kutoka kwenye pembe pekee iliyokuwa kavu, akakaa yeye, akajifunika blanketi, akawa anavihesabia vifungo vyake makosa.

Mjomba alitimiza neno. Kesho yake alifika, matope hadi magotini, nyuma yake shemeji akiwa amevaa viatu vya ofisini ingawa ofisi hakuwa nayo, na nyuma kabisa mama, akiwa ameshika kanga yake juu ya matope, anahema.

Shemeji ndiye aliyeliona kwanza.

"Jamani! Hili ni paa au kochi? Sasa huko juu anakaa nani?"

Mjomba hakucheka. Alikizunguka kibanda, akabonyeza kibonyeo kimoja kwa kidole, maji yakamrukia usoni. Alipogeuka, uso ulikuwa wa mtu aliyeshinda na hakufurahi.

"Umelowa," alisema.

"Nimelowa."

"Nilikwambia."

"Uliniambia, mjomba. Ulisema nitanyeshewa, nimenyeshewa. Hukuniongopea."

"Basi funga virago twende. Nimeacha makochi matatu karakanani yanakungoja, na mteja mmoja anasema bila mkono wako hachukui."

"Mfundishe shemeji vifungo."

"Shemeji yako?" Mjomba alimtupia jicho yule bwana, aliyekuwa anakwangua viatu kwa kijiti. "Huyu akishona kifungo, kifungo kinamshona yeye."

"Mimi nipo hapa, mnaniona?" shemeji akalalamika.

"Binti, sikiliza." Sauti ya mjomba ilishuka. "Hakuna anayekucheka. Kinyozi alirudi, anafanya kazi, watu wamesahau. Mtu akishindwa anarudi kwao. Ndiyo maana ya kwao."

"Nani amekwambia nimeshindwa?"

"Maji yamekwambia wewe mwenyewe!"

"Maji yameniambia sijui kushona paa. Hayakuniambia nirudi. Hilo umeliongeza wewe."

 Majani yalikuwa bado yanadondosha maji yao. Mama aliingia kibandani akiinamisha kichwa. Aliona pembe kavu, blanketi lililokunjwa, sufuria moja, kikombe kimoja. Akagusa majani ya kulalia, yaliyolowa. Kisha akatoka, akamkamata binti yake kidevu kama anavyokaguliwa mtoto mgonjwa, akamgeuzia uso kwenye mwanga. Alimtazama chini ya macho, pale palipokuwa siku zote na weusi ambao yeye mama aliwahi kuutibu kwa dawa za damu, kwa maji ya ndimu, hata kwa maombi. Sasa ulikuwa umefifia.

"Unalala?" aliuliza.

"Nalala."

"Usiku wa jana?"

"Jana hapana. Lakini siku nyingine zote, mama, nalala mpaka jua linakuja kunitoa."

"Dada, usimsikilize," mjomba akasema. "Anataka kukulainisha."

Mama bado alikuwa amemshika kidevu. Watu wanaofahamiana sana hawahitaji maneno mengi, wala hawana mahali pa kuyaficha. Miaka yote alikuwa akipita sebuleni kwa ncha za vidole kabla hakujakucha, akijiambia kwamba mtoto amelala, akijua hajalala.

Akamwachia.

"Kaka, twende."

"Tunamwacha?"

"Hatumwachi. Anakaa."

"Dada! Watu watasema nini?"

"Watasema. Midomo ni yao." Akafungua fundo la kanga, akatoa kitambaa kilichofungwa, ndani yake chumvi na vibiriti viwili, akavisukuma mkononi mwa binti yake bila kumtazama. "Nilidhani ungerudi nasi," alisema kwa hasira kidogo. "Nilivichukua kwa bahati mbaya tu."

Mjomba alisimama akilitazama paa. Hasira yake ilikuwa ya kweli, lakini mikono yake ilikwisha kuanza kupapasa ukingo wa ngozi, kidole kikifuata mshono. Hakuweza kuuona mshono umekosea akauacha.

"Nikutengenezee basi," alisema. "Naweza kulala hapa leo, kesho tukalifumua wote. Nitakuonyesha."

Shemeji akainua kichwa kwa hofu. "Leo? Tulale hapa?"

Stuli alimwelewa mjomba. Kama angekubali, kesho yangekuwa makubaliano, na keshokutwa zingekuwa wiki mbili karakanani kwa ajili ya kushukuru, na mwisho wa wiki mbili ni kochi.

"Hapana, mjomba. Asante."

"Unanikatalia msaada?"

"Nakukatalia. Nitalifumua mwenyewe, nikosee tena mwenyewe."

"Utaozea humu!"

"Nitaozea nimelala."

Shemeji alicheka bila kukusudia, akapigwa jicho, akaacha. Mjomba aliufuata mteremko kwa hatua nzito, akasimama kwenye kona ya njia, akageuka. Alionekana mdogo kutoka pale juu.

"Na likivuja tena?" alipaza sauti.

"Nitalowa tena!"

"Na likivuja tena?"

"Mjomba, harakisheni! Mvua inakuja, na ninyi hamna hata paa baya!"

Matone ya kwanza yaliwakuta kwenye shamba la mwisho, shemeji amebeba viatu mkononi. Kule juu Stuli alikuwa ameishusha shuka yote, ameitandaza majanini juu chini, amepiga magoti katikati yake, wembe mkononi, anafumua.