Maharagwe ya Nekesa

Niliandikwa kazi mwaka ule unga ulipopotea hata huku Kitale, penye mahindi, tukala maharagwe matupu asubuhi na jioni. Shule niliishia darasa la nne. Siku ya kwanza, Mwalimu Mkuu pale Saboti alinionyesha kitengo maalum, yaani darasa la watoto wenye ulemavu, akasema, "Mama, wewe osha na ulishe. Mengine tuachie." Nikaosha, nikalisha, macho nikafungua.

Halafu akaja Mtaalamu wa Sera kutoka Bungoma. Sera ni yale maneno ya serikali yanayoamua mtoto wako aketi wapi. Alikuwa anajaribu njia mpya ya kupima: atakayefaulu aingie darasa la wengine, atakayeshindwa arudi nyumbani. Akamwita Nekesa, msichana asiyesema neno, akamwekea mezani vipande vya mbao vya rangi avipange. Nekesa akakalia mikono yake. Mtaalamu akaandika: hafundishiki. Akanisukumia karatasi nitie sahihi kama shahidi.

Damu ilinichemka, bana. Nikamwambia, "Jina langu siandiki hapo. Mtoto hajaulizwa kwa vitu vya kwao."

Mwalimu Mkuu akanikanyaga mguu. Mtaalamu akauliza polepole, "Kwani mama, wewe umesomea wapi?"

"Jikoni," nikamjibu. Nikamweleza kwamba kwetu mtoto aliyelelewa vyema hagusi kitu cha mgeni. Nikaleta maharagwe yaliyochanganyika, nikamwaga juu ya meza yake safi, nikamwambia Nekesa tuchague mbegu. Weh! Vidole viliruka. Mekundu huku, ya madoadoa kule, yaliyotobolewa na wadudu chini. Hakukosea hata moja.

Mtaalamu alivua miwani. "Hata mke wangu hachagui hivi," akasema, akairarua karatasi.

Nekesa akaingia darasa la wengine, akalimaliza. Mimi nikachukuliwa kazi Bungoma, nikazunguka na Mtaalamu shule za Chwele na Bokoli kupima watoto, mfuko wa maharagwe kwapani, mpaka nikastaafu. Mimi, wa darasa la nne!

Juzi afisa kijana alinifuata nyumbani na simu pana kama sinia. Ati sasa mtoto atagusa-gusa picha humo, asiyegusa ameanguka. Akataka nitie sahihi ya kuisifu. "Si wewe ndiwe ulianzisha haya mambo, Kukhu?" akaniita nyanya kwa lugha ya kwetu.

Nilicheka mpaka kitambaa kikanidondoka kichwani. Kisha nikamwambia, "Jina langu siandiki hapo. Mtoto hajaulizwa kwa vitu vya kwao."